Kombi Niliyomzibia Ndinda Kelele

Mwaka 2002 nilimtengenezea mke wangu chumba cha kulala ndani ya gari lililokufa injini. Mtaa wetu mzima, Mumbuni, ukasema Titus amechizi.

Wacha niwaambie vile ilikuwa.

Mimi ni fundi wa viti na dari za magari. Mke wangu, Ndinda, alikuwa anashona yunifomu za shule. Tulikuwa na binti mmoja, Nthambi. Nyumba yetu ilipakana na posho mill ya Mbithi, rafiki yangu wa kanisani.

Januari, Ndinda akaanza.

"Baba Nthambi, hii kelele itanimaliza."

"Gani?"

"Si hii. Inanguruma tu. Haiishi."

Nikasikiliza. Mashine ya Mbithi ilikuwa inasaga. Basi, nikajua adui ni nani.

Nikamwendea mbio. "Zima hiyo kitu! Unaniulia bibi!"

"Titus, na hawa watakula nini?"

Akina mama kwenye foleni wananitazama na debe zao za mahindi. Mbele yao nikamwita muuaji. Jumapili nikahama benchi letu kanisani.

Kuhama nyumba hatungeweza, ploti ilikuwa yetu. Lakini uani nilikuwa na Kombi ya zamani, ile ya kusafiri unalala ndani, iko na kitanda na kabati. Mzungu mmoja aliyefundisha shule ya Katangi aliniachia hiyo gari injini yake ilipokufa.

Nikasema, hapa nitamtengenezea Ndinda mahali hata radi haiingii.

Nilibomoa kila kitu mpaka bati likabaki uchi. Kutu nikakwangua na brashi ya waya, nikapaka rangi. Bati tupu ukiligonga linalia kama debe, kwa hivyo nikaligandishia felt, ile karatasi nzito ya lami ya kuezekea. Juu yake sponji.

Halafu kuna jua la Machakos, linaweza kukuoka ndani ya gari. Darini nikapanga yale mabamba meupe, mepesi, yanayokuja kwenye katoni za televisheni. Kisha plywood. Kisha kapeti, hadi kwa milango. Mipira ya milango nikabadilisha yote. Hewa nikaipitisha kwa paipu iliyopinda, nimeivalisha sponji ndani.

Miezi minne. Kila jioni nikitoka kazini.

Ndinda alikuwa anakuja kuketi juu ya ndoo, ananitazama. Alikuwa ameanza kuyumba akitembea. Mimi nikasema ni kukosa usingizi.

Siku moja akaanza, "Lakini, Baba Nthambi, mimi sidhani..."

"Subiri kidogo tu, mama. Utalala mpaka uchoke kulala."

Akainuka, akarudi kwa cherehani.

Jumamosi moja ya Mei, asubuhi, nikamaliza. Kwa Mbithi mashine imepamba moto. Nikagonga ubavu wa Kombi: dum! Kama unagonga gunia. Nikaingia, nikafunga mlango.

Wadau, kimya! Nilisikia saa yangu ya mkono.

Nikamlaza Ndinda, nikafunga, nikaketi nje natabasamu kama bwana harusi.

Dakika kumi hazikuisha. Mlango ukapigwa teke kutoka ndani. Ndinda akatoka ameshika kichwa, machozi yanamtiririka.

"Aiya! Ni nini?"

"Sasa naisikia vizuri."

"Ya Mbithi haiingii humo!"

"Ya Mbithi naijua. Hii iko hapa." Akashika nyuma ya sikio la kushoto.

Jumatatu nikampeleka hospitali.

Nairobi, daktari aliinua picha ya kichwa chake kwenye mwanga. Uvimbe. Ulianzia kwa mshipa wa kusikia, sasa ulikuwa unasukuma ubongo.

"Alianza kulalamika lini?"

"Januari."

"Na mlikuwa mnafanya nini?"

Nilikuwa nagandisha kapeti.

"Umeshakuwa mkubwa, hatuwezi kuugusa," akasema. "Siwezi kukuahidi Januari tungeuweza. Lakini Januari tungejaribu."

Tukarudi nyumbani. Kombi Ndinda hakutaka hata kuiona.

"Sogeza kitanda kwa dirisha," akaniambia. "Upande wa Mbithi. Akiwasha, hii ya ndani inafunikwa kidogo."

Nikaelewa. Siku alizokuwa analia sana zilikuwa Jumapili, siku ambayo Mbithi hafungui. Ile mashine niliyoitukana ndiyo ilikuwa inampumzisha. Na mimi nilitumia miezi minne kumtenga nayo.

Nilikwenda kwa Mbithi jioni, akiwa anafunga.

"Nimekuja kukuomba uwashe."

Akanitazama. Mahindi hayakuwepo, wateja hawakuwepo.

"Ni mama Nthambi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akawasha. Mashine ikazunguka tupu. Akafanya hivyo kila jioni, hata Jumapili baada ya ibada, na hakunitajia lile neno nililomwita.

Ndinda alifariki Agosti, siku ambayo stima ilipotea Mumbuni nzima. Bila umeme, mashine ya Mbithi ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi. Nilimshika mkono, nikaongea. Nikaongea chochote, habari za vitambaa, za Nthambi, za mvua, ili tu asikie kitu kingine. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Sijui kama ilimfikia.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anaumwa kwako, keti umuulize. Muulize tena mara ya pili. Mimi swali nililohitaji kuuliza lilikuwa moja tu, "Unaisikia wapi?" Nilikuwa na miezi minne ya kuliuliza.