Faili Lililokataa Kufutika

Karani wa chuo cha ufundi alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kiti kile kile, nyuma ya dirisha dogo la kupokelea barua. Wote walimwita Mama Taipu, kwa kuwa alianza kazi enzi za mashine za kupiga chapa. Wanafunzi walimtania kwamba hata kikohozi chake hakina kosa la tahajia.

Ijumaa moja alitayarisha ratiba ya walinzi kwa kunakili ya wiki iliyotangulia. Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia kwamba mlinzi mmoja ameomba ruhusa kwenda kuuguza mama yake, hivyo Jumamosi ashike zamu mwenzake, aliyeitwa Mrefu. Simu ikalia, maneno yakawa mengi, na alipoiweka chini akasahau kubadili jina. Mrefu alisoma karatasi ukutani, akaona Jumamosi yake ni ya mapumziko, akaenda zake nyumbani. Siku hiyo geti halikuwa na mtu. Wezi wakaingia karakana ya ushonaji na kuondoka na vyerehani sita.

Jumatatu Mama Taipu alifika wa kwanza, akasikia habari kwa mfagizi, akaitazama karatasi. Hakufikiri mara mbili: aliibandua, akaandika nyingine yenye jina la Mrefu, akaibandika palepale. Mkuu alipokuja alisoma hiyo mpya, akamwita Mrefu mbele ya walimu.

"Wallahi iliandikwa nipumzike!" Mrefu aliapa.

"Karatasi hii hapa. Unaniona kipofu?"

Mrefu alimgeukia karani. "Mama, si wewe uliyeiandika? Waambie."

Mama Taipu akainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imepotea.

Mrefu akasimamishwa kazi. Alilalamika, na mkuu akasema kamati ya nidhamu itakaa Alhamisi na kuikagua kompyuta ya ofisi. Ndipo karani akalitupa faili la Ijumaa, lenye ratiba ya kwanza, kwenye pipa la taka la kompyuta. Alipotaka kulimwaga pipa, faili likagoma. Alijaribu Jumanne yote. Nyumbani aliisogeza sahani kando. Mumewe alipomuuliza, akasingizia jino.

Asubuhi ya Alhamisi alimwita fundi wa kompyuta, mwanamume wa makamo anayefanya kazi huku akipiga mluzi.

"Linasemaje?"

"Linasema faili linatumika."

"Basi umeliacha wazi mahali." Akafunga programu ya kuandikia, akajaribu. Wapi! Akaizima mashine, akaiwasha. Faili likabaki limekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Fundi akafungua maelezo ya faili hilo, akacheka. "Mchawi ni wewe mwenyewe, Mama. Limefungwa. Ulizifunga ratiba zako zote mtu asizichezee."

Kweli, tangu mwaka juzi alikuwa akizifunga kila anapomaliza, kwa uangalifu wake uleule uliosifiwa.

"Lakini faili moja, dogo hivi, mbona linakukosesha raha?"

"Linajaza nafasi."

"Hili? Ni kama kuchota kijiko kwenye tangi." Akaondoa alama ya kufuli, akasogeza kiti. "Haya, bonyeza. Litaondoka."

Mkono wa karani ulikuwa juu ya kipanya. Kupitia dirishani alimwona Mrefu akiingojea kamati kwenye benchi la nje. Alikuwa amevaa shati lake la kazi, ingawa walishamkataza, na lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama.

"Likifutika sasa, laweza kurudi?"

"Ah, hapo ni kwaheri ya kutoonana."

Akaondoa mkono kwenye kipanya. "Lirudishe."

"Lirudi wapi?"

"Lilipokuwa. Halafu nichapie nakala."

Alibisha hodi kwa mkuu karatasi ikiwa bado na joto. Alieleza yote akiwa amesimama. Mkuu aliisoma tarehe ya Ijumaa kwenye karatasi mara tatu, kisha akasema tu, "Mama Taipu, hata wewe?"

Mrefu alirudishwa kazini siku hiyohiyo. Karani alipewa barua ya onyo kali, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuandika, aliiandika mwenyewe, akaipeleka isainiwe.

Jumapili alikwenda kwa Mrefu kuomba radhi. Alimkuta akirekebisha banda la kuku. Mrefu alimsikiliza bila kuacha kupigilia misumari, kisha akasema, "Mimi nimekuelewa, Mama. Lakini wanangu waliambiwa shuleni baba yao ni mlinzi mtoro. Waambie wao."

Akawaita. Wasichana wawili wakaketi kwenye mkeka, wakamwamkia shikamoo. Mama Taipu akaanza upya, kwa maneno mepesi, na mara hii ilikuwa vigumu kuliko mbele ya mkuu.

Mdogo wao akamkazia macho. "Sasa shangazi, mbona siku ile hukusema?"

"Niliogopa, mwanangu."

Mtoto akaendelea kumtazama, kana kwamba anasubiri sababu nyingine.