Milimita Ishirini na Mbili

Wahudumu wa mochari moja mjini Nakuru ndio waliombandika mama mmoja, mpima moyo wa hospitali yao, jina la Milimita, kwa sababu hakuwahi kuiamini mashine yake ya ultrasound peke yake: mgonjwa wake akifariki, na jamaa wakikubali maiti ipasuliwe, huteremka mochari na daftari kulinganisha vipimo. Akikosea, huandika kosa lake kwa wino mwekundu na kuwasomea wanafunzi wake bila haya. Alipofariki mkulima mmoja wa Elburgon, daktari mgeni alikicheka kipimo ambacho Milimita alikuwa ameandika cha ukuta wa moyo wake, milimita ishirini na mbili, mara mbili ya unene wa kawaida. “Mathe, mashine yako imezeeka, inaona milima!” Lakini kipimo kikiwa kweli, huenda watoto watatu wa marehemu wameurithi ugonjwa huo wa kunenepa moyo.

Daktari Masinde, mpasuaji wa maiti, aliukata moyo, akaweka rula. “Ishirini na mbili! Haki Milimita, wewe ni moto!” Milimita alinyoosha mgongo, tabasamu likamponyoka, akaomba ukuta upimwe tena. Kipimo kikawa kile kile. “Basi watoto waitwe leo. Nitawapima mwenyewe.” Akapanda hadi chumba chake cha kupimia, akatandika shuka safi kitandani, akazichomeka pembe zote nne.