Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Mimi ndiye fundi wa kompyuta kwenye kampuni moja ya mizigo hapa Sumbawanga, na nimeona bora niseme mwenyewe kabla mji mzima haujanisema.

Wiki nzima mtandao ulikuwa unajikokota. Barua pepe za mzigo wa bandari ya Kasanga haziendi, boti inasubiri, bosi ananifokea mimi. Nikachoka! Nikaenda kwenye kompyuta ya bosi, nikawasha huduma ya kufuatilia mtandao, ile inayoonyesha kila mashine inavuta kiasi gani. Kumbe mashine namba nne ilikuwa inavuta karibu wote.

Nikahesabu zinazowaka kuanzia mlangoni, kama huduma ile inavyozipa namba. Ya nne ni ya Mama Yustina, karani wetu.

"Shikamoo mama, lakini unatumaliza!"

"Marahaba. Mwanangu, mimi naandika barua tu."

Sikumsikiliza. Mbele ya bosi nikachomoa waya wake wa mtandao. Namba nne ikaendelea kuvuta vilevile.

Mama Yustina akainuka taratibu, akaenda kwenye meza yangu, akafunua kitambaa cha maua alichonifumia mke wangu kuzuia vumbi. Chini yake kompyuta yangu ilikuwa inawaka, ya moto kama chungu, inapakua nyimbo za kwaya nilizoziagiza Jumatatu nikasahau. Hiyo ndiyo namba nne. Wakati wa kuhesabu niliiruka, maana kwetu kilichofunikwa kimezimwa.

Bosi hakufoka. Alibandua ukutani tangazo langu, "Marufuku kupakua nyimbo ofisini", akamwomba Mama Yustina alisome kwa sauti, mpaka kwenye sahihi.