Siku Shangazi Aliponigombeza

Kwa utafiti wangu, nilitaka shangazi yangu wa Mwazye aniambie sentensi zipi za Kifipa zinasemeka na zipi hazisemeki. Nyingine nilizivuruga makusudi, lakini hata hizo alizipokea: "Sawa kabisa, mwanangu." Kwao, mgeni aliyetoka chuo kikuu hakosolewi, hasa akiwa amepewa kiti. Nilichukia, maana utafiti wa ndiyo tupu si utafiti!

Kesho yake nilikiacha kile kiti, nikakaa chini tukapepeta ulezi pamoja. Katikati ya mazungumzo nikaitamka ile sentensi mbovu kuliko zote. Ungo wake ukasimama.

"Nani anaongea hivyo? Umelelewa wapi wewe?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa nimegombezwa kama mtoto wa nyumbani.