Hakuna Aliyesema Achia

Kwenye kiwanda cha kufulia walikuwa wakiitwa Mapacha, ingawa hata mtu wa macho mabovu asingewafananisha. Mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno kama redio. Mwingine mfupi, mnene wa haja, mtu wa kucheka mpaka mabega yatikisike bila sauti kutoka. Hawakuzaliwa tumbo moja wala hawakukulia mtaa mmoja. Kilichowafanya mapacha ni mashine ya pasi, na habari hii ni ya Pacha Mfupi.

Mashine yenyewe mtu asiidharau kwa kusikia neno pasi. Ilikuwa na rola mbili, kila moja ndefu kuliko kitanda, zenye moto wa mvuke ndani, na kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hospitali na ya hoteli, mamia kwa siku. Shuka hulishwa na watu wawili. Huyu anashika upande wa kushoto, yule wa kulia, wanalivuta likanyooka, wanausogeza ukingo mpaka kwenye mdomo wa rola, kisha mmoja anasema, "Achia," na wote wanaondoa mikono kwa pamoja. Ukiachia mapema, shuka linaingia kombo. Ukichelewa, hilo sasa ndilo la kuogopa. Kwa miaka kumi na mmoja aliyesema achia alikuwa Mrefu, kwa kuwa mdomo alikuwa nao yeye, na Mfupi kazi yake ikawa kusikia na kuachia. Alizoea hivyo mpaka akawa haangalii tena. Macho yako kwenye shuka linalofuata, sikio liko kwa mwenzake, mikono inajua yenyewe.

Kulikuwa na mtindo mwingine pale, ambao kila mfanyakazi aliujua na kila mkubwa alijifanya haujui: kusainiana. Mtu akibanwa na shida, anachomoka kimya kimya, na mwenzake anamwekea saini kwenye daftari la mahudhurio. Wangefanyaje? Msimamizi wao walimbatiza Bwana Fanyafanya, maana hilo ndilo neno alilokuwa nalo, na ruhusa kwake haikupatikana hata umwambie nyumba yako inaungua. Mfupi alisainiwa wiki nzima alipofiwa na mumewe. Saini ya Mrefu naye aliijua kama yake, pamoja na kile kimkia kirefu mwishoni.

Siku hiyo Mrefu alifika na shavu limevimba kwa jino. Akaomba ruhusa, akanyimwa. Akamnong'oneza mwenzake, "Nisainie, pacha wangu. Saa tano nimesharudi."

Mfupi akasaini mara mbili, jina lake na la mwenzake, akakiweka na kimkia.

Kwa sheria ya kiwanda, mashine ile haifanyi kazi na mtu mmoja. Bwana Fanyafanya alimwona yuko peke yake, akatazama saa, akasema gari la hoteli linasubiri nje, fanya fanya. Basi akafanya. Analisha upande huu, anakimbilia upande ule, jasho linamtoka, na shuka la kwanza likapita, na la ishirini likapita. Akaanza hata kujisifu kimoyomoyo. Likaja moja kubwa la hoteli. Akalinyoosha, akausogeza ukingo mpaka kwenye mdomo wa rola, akasubiri. Hapo ndipo palipoharibika, na hakuna kingine cha kueleza. Mkono wake ulikuwa unasubiri kuambiwa, na hakuna aliyesema.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa hospitalini. Vitatu vilivyobaki vikakunjamana vikakauka hivyo, havishiki kijiko wala sindano. Alilala wiki tano juu ya mashuka ambayo pengine aliyanyoosha mwenyewe. Mrefu alikuja mara moja, na kipande cha sabuni ya kuogea, akalia sana, akaondoka kabla kengele ya wageni haijalia. Baada ya hapo hakuonekana tena. Mfupi akamtafutia sababu mwenyewe: kazi nyingi, watoto, jino.

Nyumbani kulikuwa na chumba kimoja na simu ya Jumapili. Mwanawe wa pekee alifanya kazi mbali, akipiga kila Jumapili kuuliza, mama vipi mkono, naye akijibu unaendelea vizuri, huku simu kaishika kwa mkono wa kushoto. Siku sita zilizobaki hakuna aliyemuuliza chochote. Aliyezoea kelele za mashine na domo la Mrefu kutwa nzima, sasa anasikia bomba la jirani likidondosha maji. Upweke ulimkaa vibaya, tusizunguke.

Akaenda kudai fidia. Kazi nyingine ya mikono hakuwa nayo, na kodi ya chumba haijui ajali. Afisa wa fidia alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mkavu lakini si mbaya. Akamjazia fomu. Ilitokeaje? Mfupi akasema mashine ilimvuta mkono. Hakusema alikuwa peke yake. Angesema hivyo, lile daftari lingefunguliwa, na Mrefu angekuwa hana kazi jioni ile ile. Alimlinda mwenzake bila hata kufikiri mara mbili, akabandika dole gumba la kushoto, akarudi zake.

Baada ya mwezi akaitwa. Kiwanda kimekataa kulipa. Afisa akafungua jalada, akasema kwa mujibu wa daftari walikuwa wawili kwenye mashine, na huyo wa pili ameandika maelezo. Akayasoma polepole: "Nilikuwa nimesimama naye. Nilimwambia achia mara mbili. Alikuwa anacheka, hakuachia."

Mfupi akaomba asomewe tena. Akasomewa. Afisa akamwambia ana siku kumi na nne za kujibu, na asipojibu jalada litafungwa.

Hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa Mrefu. Akamkuta mlangoni anachambua mchele. Mrefu hakumkaribisha ndani, mlango ambao Mfupi alikuwa akiingia bila hodi. Alieleza haraka haraka, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Kwamba alirudi ile saa tano akakuta damu sakafuni, akavaa aproni akasimama mahali pake. Kwamba maelezo aliyaandika Bwana Fanyafanya, kwa kuwa naye angeulizwa kwa nini aliacha mashine ile na mtu mmoja. Yeye aliweka saini tu.

"Umeandika nilikuwa nacheka," Mfupi akasema.

Mrefu akaendelea kuchambua. "Pacha, wewe umeshaumia. Ukisema sikuwepo, tutakuwa tumeumia wote wawili. Nina watoto watatu humu ndani."

Mfupi alijua hilo ni kweli. Watoto wale aliwabeba mgongoni. Akaaga, akatembea kwa miguu mpaka kwake, na njiani alipitwa na watu wanaomfahamu wakamsalimia kwa kumwita Mfupi, Mfupi tu. Upacha wameshauondoa.

Siku kumi na tatu alizunguka na jambo hilo kichwani kama mwenye kutafuta ufunguo. Mwanawe alipiga Jumapili zote mbili, naye akamwambia hakuna jipya. Alijaribu kumkasirikia Mrefu kwa ajili ya uongo, hasira ikaja nusu. Kila mtu husema uongo akiogopa, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kwa kusaini jina lisilo lake. Lililomchoma ni neno lenyewe. Miaka kumi na mmoja, mara ngapi kwa siku, aliambiwa achia akaachia. Leo imeandikwa kwamba aliambiwa mara mbili akakataa. Angeweza kusamehe kuachwa peke yake. Ila kuambiwa hakuachwa, hilo lilimshinda kulimeza.

Siku ya kumi na nne akajikaza kisabuni, akaenda. Chumba cha afisa kilikuwa na mwakilishi wa kiwanda, Bwana Fanyafanya mwenye tai, na Mrefu pembeni, mikono mapajani. Maelezo yakasomwa. Afisa akamuuliza Mfupi kama kweli mwenzake alimwambia achia.

"Hakuniambia," Mfupi akasema. "Angeniambia, ningeachia."

"Kwa nini hakukuambia?"

Mfupi akamtazama Mrefu, na Mrefu kwa mara ya kwanza akamtazama. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, kama anavyofanya mtu anayeomba.

"Hakuwepo. Alikwenda kung'oa jino. Saini yake niliiweka mimi, kwa mkono huu." Akauweka ule mkono mezani, juu ya jalada. "Nilikuwa peke yangu."

Bwana Fanyafanya alisema mengi, tusimpe nafasi hapa. Afisa aliagiza daftari la zahanati ya meno, na jina la Mrefu likapatikana humo, saa na siku yake. Mfupi akalipwa fidia yake, pamoja na barua kali kuhusu kusainia wengine. Mrefu alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Bwana Fanyafanya alihamishiwa stoo, maana watu wa aina yake hawafukuzwi, huhamishwa. Mfupi akafungua kibanda cha sabuni na vitambaa, kinamtosha. Alituma sabuni na unga kwa watoto wale, vikarudishwa. Mara moja walipishana sokoni, na Mrefu akainamia nyanya za watu kama anayehesabu mbegu zake.

Jumamosi moja Mfupi alianua shuka lake kambani, kubwa, la watu wawili, la enzi za mumewe. Ukutani alikuwa amegongomea misumari miwili ya kumsaidia kukunja peke yake, akawa anatundika pembe mbili hapo na kushika nyingine mbili, moja kwa vidole vya kushoto, moja kwa kuibana kwenye kiganja cha kulia. Siku hiyo akalivuta likanyooka sawasawa, halina hata mkunjo. Akausogeza ukingo mbele, akasimama. Akaendelea kusimama. Ilimchukua muda kujua anasubiri nini.

Akajisemea mwenyewe, kwa sauti, "Achia."

Mikono haikuachia. Haikuizoea sauti hiyo.