Bega la Mrushaji Wetu

Rafiki yangu alipoanza kulalamika bega, mimi nilijua linauma kwa nini. Kila jioni, alipolala chali kusukuma chuma cha mazoezi, nilikuwa nasimama upande wa kichwa chake, mikono yangu chini ya kile chuma, tayari kukipokea kikimshinda. Lakini kijijini kwetu Dutwa, miaka ile, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kila mmoja na mzani wake, hakuna aliyekuwa tayari kuamini sababu nyepesi. Watu walishuku mizani, walishuku dawa ya kunyunyizia pamba, walimshuku hata mwalimu wetu Mjapani, kijana wa kujitolea aliyetufundisha hesabu asubuhi na besiboli jioni. Alipopima uwanja kwa hatua na kuchomeka vigingi kuonyesha vituo vya kukimbilia, kesho yake vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Wazee walisema anatafuta madini. Mimi mwenyewe nilikwenda kuchungulia yale mashimo, nisije nikapitwa.

Rafiki yangu alikuwa mrushaji, mimi mdakaji. Alikuwa amekua akilinda mtama, akiwafukuza ndege kwa mawe tangu alfajiri, na mpira wake ukifika kwenye glavu yangu kiganja kilikuwa kinawaka moto. Mwalimu alituahidi mechi na shule moja ya Mwanza. Tangu siku hiyo rafiki yangu akaamua kwamba kifua kikubwa kitaongeza mwendo wa mpira.

Vyuma vilikuwa nyuma ya ghala la mnunuzi mmoja wa pamba: ekseli ya trela la zamani, makopo ya mafuta yaliyojazwa saruji kila upande, na ubao wa kulalia uliopangwa juu ya matofali. Wapakiaji wa marobota walifanyia mazoezi pale, na mwenye ghala alituruhusu na sisi bila kudai chochote. Jambo hilo sikulipenda hata kidogo. Niliona anatulea kama mtu anavyonenepesha maksai wake, msimu ukifika atufunge nira. Rafiki yangu alicheka. Alilala chali, akatanua viwiko kama mbawa, akashusha chuma mpaka karibu na koo, akasukuma, na wapakiaji wakamsifia. Akiwa amechoka kurusha uwanjani, alikuja moja kwa moja kusukuma. Tukimaliza tulikwenda kwetu, na bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alitupa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa mgando. Alikula kwetu zaidi kuliko alivyokula kwao.

Bega likaanza kuuma. Akawa hawezi kuinua mkono kupita sikio. Baba yake hakuuliza habari ya vyuma, akampeleka kwa mganga upande wa Kiloleli, na kule akachanjwa chale begani na kupakwa dawa. Akarudi na maneno. Mganga alikuwa amesema mkono umefungwa, na aliyeufunga ni mwanamke mtu mzima ambaye mgonjwa amekula mkononi mwake.

Aliniambia hayo akiwa anatazama pembeni. Bibi yangu alipikia mavi makavu ya ng'ombe, kama wanawake wengi wa kwetu ambako miti ni haba, na moshi ule ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Msimu uliotangulia, kijiji cha pili tu, kikongwe mwenye macho kama hayo aliitwa mchawi, akakatwa mapanga nyumbani kwake, na baada ya mazishi watu walirudi kuvuna pamba. Kuanzia hapo nililihitaji lile bega lipone kuliko mwenye bega mwenyewe. Likipona, niliwaza, bibi yuko salama.

Nikampeleka kwa mwalimu. Alimshika bega, akamwinua mkono polepole, akamgeuza mgongo, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kupima kila neno, "Wewe unasukuma sana. Huvuti." Akatueleza kwamba kifua kimepata nguvu na kulivuta bega mbele, mgongo umelala, na kila anaporusha mpira kuna kitu kinabanwa ndani. Hakukataza vyuma moja kwa moja. Alisema kwanza aviache kabisa, na kurusha pia, mpaka maumivu yaishe. Akirudi, aanze na uzito mdogo, viwiko viwe karibu na mbavu, chuma kiishie juu ya kifua bila kukigusa, na siku ya kurusha asiguse chuma kabisa. Na kwa kila anaposukuma mara moja, avute mara mbili.

Ili avute, mwalimu alitupa mipira ya ndani ya baiskeli, tukaifunga kwenye mti nyuma ya madarasa. Siku ya pili tuliikuta imekatwakatwa kwa kisu. Kijana anayesemwa amefungwa mkono anaonekana amefunga kitu kwenye mti: nani angenyamaza? Hapo ndipo nilipofikiria kisima. Kamba ni ile ile, uzito ni ule ule, na hakuna mtu anayekata kamba ya kisima.

Kazi ya kuteka maji, hata hivyo, ilikuwa ya wanawake na wasichana. Rafiki yangu alisimama pale akiwavutia ndoo wake za watu, viwiko vikienda nyuma, mabega yamekazwa kama alivyoelekezwa, na wanawake wakafurahi sana. Waume zao hawakufurahi. Mmoja alikuja akaegemea baiskeli yake, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu anatafuta nini hapa?"

"Anatibu bega," nikasema.

"Kwa ndoo ya mke wangu?"

Akaanza kumsindikiza mkewe kisimani. Nilitamani kucheka, lakini siku zile nilikuwa simwamini mtu yeyote, na zaidi ya wote sikumwamini rafiki yangu. Bega lilipata nafuu, kisha likarudi kuuma ghafla. Nikajua. Jioni moja aliposema anakwenda kutafuta ndama aliyepotea, nilimfuata kwa mbali. Ndama gani anapotelea nyuma ya ghala la pamba? Nilimkuta amelala juu ya ubao, viwiko vimetanuka, wapakiaji wamemzunguka wakimhesabia.

Nilikishika chuma kikiwa juu ya uso wake, nikakirudisha kwenye magogo ya kukiegeshea.

"Ukiendelea kulala hapa," nikamwambia, "watamuua bibi yangu."

Akainuka, akakaa. Wapakiaji wakatawanyika.

"Mimi sijasema ni bibi."

"Hujasema si yeye."

Alijisugua bega, palepale kwenye zile chale, akaonekana mdogo kuliko umri wake. Tukarudi nyumbani. Lakini kesho yake alikuwa kisimani kabla ya wanawake, na hakugusa tena ule ubao mpaka mwalimu alipomruhusu, na hata hapo alisukuma chuma chepesi, viwiko mbavuni, wapakiaji wakimdhihaki kwamba amekuwa mwali. Mavuno yalikwisha, magari ya pamba yakaondoka. Mkono ukapita sikio, ukanyooka. Jioni aliporusha kwa nguvu zake zote na mpira ukaniunguza kiganja, nilikaa chini pale pale uwanjani nikalia kwa furaha. Nilimkimbilia bibi kumweleza. Alinisikiliza, akaendelea kupepeta mtama.

Ijumaa, siku moja kabla ya mechi, baba yake rafiki yangu alifika kwetu asubuhi akivuta mbuzi. Alivua kofia, akachuchumaa mbali kidogo na mlango.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia bibi kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima yote.

"Mwangaluka."

"Tumekuja kushukuru. Mkono umefunguliwa."

"Umefunguliwa na nani?" bibi akauliza.

Akatazama chini, akatabasamu kwa adabu. "Sisi hatuna neno na mtu, mayu. Yameisha."

Nikaingilia. Nikamweleza habari za chuma, viwiko, kifua na mgongo, kisima. Alinisikiliza mpaka mwisho akiitikia kwa kichwa. "Ndiyo, ng'wanawane. Ndiyo, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo mtu humbembelezea mlevi atoke njiani. Bega lingeendelea kuuma, wangebaki wanashuku tu. Sasa lilikuwa limepona, na wao walikuwa na uhakika ni nani aliyeufunga mkono.

"Pokea kamba," bibi aliniambia. Kukataa mbuzi kungekuwa kusema bado ana kinyongo. Nikaipokea.

Yule mzee alipotoweka, bibi aliingia ndani, nikasikia anapanga sufuria. Nikamuuliza kuna nini.

"Nakwenda kwa shangazi yako, kule Binza, upande wa Maswa."

"Lakini wameshukuru, bibi."

"Leo wamekuja na mbuzi," alisema, bila kuacha kupanga. "Yule mtoto akiumwa tumbo watakuja na nini?"

Siku ya mechi glavu yangu aliivaa mtu mwingine, maana mimi nilikuwa kwenye basi la Maswa na mizigo ya bibi miguuni. Bibi hakurudi Dutwa tena, hata kusalimia.

Miaka mingi baadaye nilikutana na rafiki yangu stendi ya Bariadi. Alikuwa na wanawe wawili, na alinikumbatia kwa mkono ule ule, mzima kabisa. Nilisubiri aseme kitu kuhusu vyuma, kwa kuwa yeye na mimi tulikuwapo. Akawageukia watoto wake, akawaambia wanisalimie vizuri. "Huyu," aliwaambia, "ndiye ambaye bibi yake alinifungua mkono."