Kijiti Ndani ya Kiatu cha Safari

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nisipousimulia mimi, wenzangu wa kanisani watausimulia na kuongeza chumvi. Nilisimama katikati ya boma la Wazulu, mbele ya watu kumi na wawili niliosafiri nao kutoka Lanham, kule Maryland, Marekani, nikainua kijiti cha miiba kama askofu na fimbo yake, nikatangaza kwa sauti: "Kama kuna mtu hapa aliyenyimwa viza, leo ndiyo leo. Twende Maryland!"

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mama aliyekuwa akitutembeza hakucheka.

Lazima nieleze nilifikaje huko, maana anayenijua hataamini. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuvuka Beltway, ile barabara inayozunguka Washington, kwenda Herndon kwangu ni safari ya kuaga watu. Kazini naenda, kanisani naenda, kwingine kote kochi langu huniwakilisha. Niliishia kidato cha nne, na somo nililofaulu vizuri lilikuwa jiografia, kwa hiyo sijaona sababu ya kwenda kuhakikisha kama milima bado ipo.

Safari ilipangwa na mwenyekiti wetu, muuguzi ambaye hata akiwa amevaa gauni la Jumapili anakushika mkono kama anapima mapigo ya moyo. Siku kumi Afrika Kusini, alisema: Wazulu kwanza, wanyama baadaye. Nikajitetea kwamba miguu inaniuma.

"Miguu ipi?" akaniuliza. "Hiyo ambayo kochi limeshaichukua vipimo? Jina lako nimeandika jana."

Sasa niseme na lile jingine, lisije likaonekana nimelificha. Mama yangu alinyimwa viza mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshajifumia sweta nzito, kwa sababu nilimwambia huku kuna baridi kuliko kwetu Nyahururu, Kenya. Alifariki wakati makaratasi yangu yangali yanashughulikiwa, na ningetoka nisingerudi. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, mtandao ukikatika kila jeneza liliposogea. Mimi ndiye kifungua mimba. Kwetu kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza. Siku ile aliutupa dada yangu, na tangu hapo amekataa kaburi lijengewe. Limewekwa msalaba wa mbao tu, mpaka nifike. Makaratasi yalitoka. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Kila masika msalaba unainama kidogo, dada ananitumia picha, nami namjibu kwa kile kidole gumba cha simu.

Halafu mguu wangu wa kwanza kukanyaga Afrika baada ya miaka kumi na tisa ukaenda kutazama Wazulu.

Ndege ilitoka uwanja wa Dulles, ikapumzika Addis Ababa, ikashika njia ya kusini. Kwenye skrini ya kiti cha mbele kandege kadogo keupe kalikuwa kanatambaa juu ya ramani. Kakafika Kenya. Nikaona jina la Nakuru, mji wa karibu na kwetu, likiingia chini ya bawa lake na kutokea upande wa pili. Nikaomba juisi nyingine.

Kwenye boma lile tulifurahi kama watoto. Yule mama mwenyeji, wa umri ambao mama yangu angekuwa nao, akisema inkomo, sisi tunapiga kelele "ng'ombe!" Akisema inyama, hatuhitaji hata mkalimani. Tuliingia kwenye nyumba ya mviringo iliyoezekwa majani mpaka chini, mlango wake mfupi mno hivi kwamba hata mwenye kiburi anaingia ameinama. Sakafu ilikuwa imesuguliwa kwa samadi mpaka inang'aa. Nyuma kabisa kulikuwa na mahali palipoinuliwa kidogo, ambapo hakuna aliyeruhusiwa kupakanyaga. Hapo, alisema, wazee waliokufa huwekewa chakula na kupewa habari za nyumba.

Nje ya zizi akatuonyesha mti. Haukuwa mti wa kupigia picha. Miiba yake imeota miwili miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kurudi nyuma.

"Ulionyooka ni unakokwenda," alisema. "Uliopinda ni ulikotoka. Mtu wetu akifia mbali, ndugu yake huchukua tawi la mti huu, akaenda hadi pale alipofia, akamwita, akamwambia twende nyumbani. Njiani haongei na mtu mwingine yeyote. Marehemu tu ndiye huelezwa kila hatua: sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto. Kwenye basi huwekewa kiti chake."

"Na asipoelezwa?" mwenyekiti akauliza.

"Hupotea."

Chini kulikuwa na kijiti kilichokatika, kirefu kama kalamu, chenye majani mawili. Nikakiokota, nikasema nilichosema. Kicheko kilipokwisha, yule mama akaniuliza taratibu, "Una nani aliyenyimwa?"

"Hakuna, mama," nikajibu. "Ni mzaha tu."

"Basi kirudishe chini."

Niliinama kama mtu anayekirudisha. Mtu akikwambia rudisha kitu, mkono nao unakumbuka mfuko ulipo. Kikaingia kwenye koti langu.

Kesho yake alfajiri tukapelekwa mbugani kwenye gari la wazi, baridi inakata masikio. Nyahururu nilikozaliwa si mbali na mbuga ya wanyama, na simba wa kwanza wa maisha yangu nilimwona huko ugenini, nimezungukwa na watu wa Maryland. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, maana mzee mmoja wa kanisa alikuwa amebaki kitandani na tumbo lake. Simba jike akatoka kwenye nyasi, akalikaribia gari. Alitupitia kwa macho mmoja mmoja kama mtu anayekagua mizigo. Alipofika kwenye kile kiti kitupu, akasimama. Masikio yakalala. Kisha akaanza kurudi nyuma kinyumenyume, hatua kwa hatua, bila kugeuka, mpaka nyasi zikamfunika.

Hakuna aliyepiga picha. Dereva akasema, "Huwa hawafanyi hivyo." Akashuka, akachungulia chini ya kiti kile, akarudi kwenye usukani.

Mpaka tunakunywa chai, sauti yangu ilikuwa imekwisha kabisa. Nilifungua mdomo ukatoka upepo. Mwenyekiti alinitazama koo kwa tochi ya simu, akasema ni baridi, nisijaribu kuongea mpaka tufike nyumbani.

"Watu wangu," mwenzetu mmoja akatangaza, "maombi ya wengi yamejibiwa leo!"

Siku zote zilizobaki nilisafiri bubu. Na mwenyekiti wetu ana tabia moja, utafikiri anaongoza vipofu: lazima atangaze kila hatua. "Watu wangu, sasa tunapanda basi!" "Watu wangu, sasa tunavuka mto!" "Watu wangu, sasa tunaingia uwanjani!" Ndani ya basi watu walipakata mabegi, wengine wakayaweka miguuni, na kiti cha pembeni yangu kikabaki hivyo hivyo. Baadaye nilimwuliza mmoja kwa nini hakukitumia. Alisema alidhani nimemwekea mtu.

Sikuyaunganisha mambo haya mpaka tulipokuwa angani tukirudi. Kandege kadogo kakatambaa kwenye ramani kuelekea kaskazini, kakaikaribia Nakuru. Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Mwiba ukanichoma. Nikautoa mkono, na damu ikawa imejaa kwenye ukucha. Nikafikiri: kumwita, niliita. Kunyamaza, nimenyamaza. Kutangaza hatua, zimetangazwa zote, kwa Kiswahili kizuri kabisa. Nikajiambia mtu wa kidato cha nne hafikirii mambo kama haya, nikakihamishia kile kijiti ndani ya kiatu changu cha safari, chini ya soksi.

Addis Ababa hadi Dulles, ndege ilijaa mpaka mlangoni, isipokuwa kiti kimoja. Unajua kipi. Mhudumu alileta chakula, akaweka sinia mbele yangu na sinia jingine pembeni. Nikamwashiria kwa mkono kwamba hakuna mtu. Akatabasamu.

"Akitoka msalani atakula," alisema, akaendelea na kitoroli chake.

Dulles ofisa aliniuliza kama nimebeba mimea yoyote. Nikatikisa kichwa. Hata bubu anaweza kusema uongo.

Nyumbani nilivua viatu, nikaacha soksi na kijiti humo humo, nikavifungia kwenye kabati la viatu lililo mlangoni, nikalirudia kochi langu kama mume aliyesamehewa. Siku ya tatu sauti ikarudi. Siku ya nne nilitoka kazini jioni nikakuta kiti cha jikoni kimegeuzwa, kinatazama dirishani, kwenye njia ambayo magari huingilia. Nikakirudisha. Kesho yake kilikuwa pale tena. Nikakipeleka chumbani nikafunga mlango. Siku iliyofuata sufuria zangu zote zilikuwa zimefunikwa kifudifudi, midomo chini. Mimi huziacha zilivyo, jambo ambalo mama alinigombeza nalo utoto wangu wote. Nikajisingizia mwenyewe. Uchovu wa ndege, nikasema, na umri.

Kisha nikakutana na jirani yangu kwenye masanduku ya barua. Ni mjane wa Bukavu, kule Kongo, ananiita papa, yaani baba, ingawa amenizidi umri. Ukuta wa sebule yake ndio ukuta wa sebule yangu.

"Papa," akaniambia, "umeleta bibi ya Kizulu?"

"Bibi gani tena?"

"Ule anafagia! Kila siku saa nane, wewe uko ku kazi. Swaa, swaa, swaa. Namusikia mu ukuta. Na hata bonjour hajui kusema."

"Mama, kwangu ni kapeti tupu. Hata ufagio sina."

"Basi umuambie," akasema, akichagua barua zake. "Yeye anafagia kama ku udongo."

Nilipanda ngazi polepole. Mama yangu alikuwa akifagia uwanja asubuhi kama watu wote. Lakini siku ya kutarajia mgeni aliufagia tena mchana, saa nane, na kisha akaweka kiti mahali pa kuonea lango. Nilifungua mlango, nikawasha taa ingawa jua lilikuwa limejaa dirishani. Nyuzi za kapeti zilikuwa zimelazwa upande mmoja, nusu duara baada ya nusu duara, kutoka dirishani mpaka mlangoni, vile uwanja wa kwetu ulivyokuwa ukionekana kabla mtu hajaukanyaga. Alama zile zilikomea mbele ya kabati la viatu.

Nilikaa ngazini karibu saa nzima. Mimi, mtu wa nyumbani, naogopa kuingia nyumbani. Simu ikalia, ni dada, picha ya msalaba. Mvua zimekuwa nyingi, ameandika, umebaki kama mtu anayetaka kupiga magoti. Kidole changu kikaenda kwenye kile kidole gumba, kikasita, nikaifunga simu bila kujibu.

Jumamosi mchana jirani akabisha na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao kilichotiwa mawese. Nilifungua haraka mno. Akanitazama, akatazama kiti cha jikoni, ambacho kilikuwa kimesharudi dirishani ingawa mlango wa chumbani nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo, akakaa kwenye kochi langu bila kukaribishwa. Nikamweleza yote, mzaha, simba, sinia la pili, mwiba, mpaka nikafika kwenye viza za mama na sweta aliyoifuma. Hilo sikuwahi kumwambia mtu hapa. Hakunikatiza. Alikuwa akitazama kapeti, na miguu yake ameiweka pamoja, mahali pasipo na alama.

"Na kaburi," akaniuliza, "uliliona?"

"Bado."

"Makaratasi hauna?"

"Ninayo."

Akainuka, akafungua kabati la viatu, akatoa kile kiatu cha safari, akaondoa soksi. Hakukigusa kijiti, alikiinamia tu. Nami nikainama. Karibu wiki tatu kilikuwa gizani, mfukoni na kiatuni, na majani yake mawili yalikuwa ya kijani, mabichi, kama yamechumwa asubuhi ile.

"Jumatatu gari la taka linapita," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza tena. "Nitakitupa, yaishe."

Jirani aliweka kiatu juu ya kile kiti cha dirishani, taratibu, kama anayemkalisha mtu mzima. Akachukua kifuniko cha bakuli lake, akaniambia:

"Ulienda kuangalia masimba ya watu, mama yako ukamupita mu njia. Sasa amekuja yeye mwenyewe, na wewe ulimukalisha mu kabati ya viatu."